Ndoo Moja ya Udongo: Kidumbaki, Gololi, Filimbi na Chetezo

Ndoo mbili za udongo mkavu wa shambani, zikichujwa vizuri, hutoa ndoo moja ya udongo wa kufinyangia. Ndoo hiyo inatosha kidumbaki kimoja, chetezo cha kufukizia udi, filimbi mbili tatu na gololi za watoto wa mtaa mzima. Nasema hivi kwa sababu ukitaja ufinyanzi, watu wengi huwaza chungu tu. Chungu kina heshima yake, na mchuzi wa samaki uliopikwa ndani yake haufanani na wa sufuria. Lakini hapa kwetu Unguja na Pemba udongo umeingia mpaka kwenye ngoma. Kidumbaki, ngoma ndogo inayochezesha watu harusini pamoja na fidla, sanduku (besi ya kisanduku na uzi), cherewa (kayamba za vifuu) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha), kiwiliwili chake cha asili ni cha udongo uliochomwa. Na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba ambaye sauti yake ilitiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, kabla ya hapo alikuwa akitembeza vyungu na kuvinadi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ngoma, na vingine vinafuata.

Huhitaji gurudumu wala tanuri la umeme. Andaa ndoo mbili, kitambaa chepesi cha kuchujia, gunia safi, kipande cha kifuu cha nazi cha kukwangulia, kombe la pwani lenye ukingo laini, kokoto laini ya kusugulia, kisu, na mshipi wa kuvulia wa kukatia udongo.

Kutafuta udongo

Mashariki ya Unguja sehemu kubwa ni uwanda na maweni, udongo kidogo juu ya jiwe la matumbawe. Usichoshe mikono huko. Nenda kwenye mabonde ya mpunga, ambako maji ya mvua hutuama. Pemba, kwa vilima na mabonde yake, kazi hii ni nyepesi zaidi. Toa udongo wa juu wenye mizizi, teremka kama nusu mita, na utakutana na kinamo (udongo mzito unaonata) cha kijivu kinachoganda kwenye jembe, pengine chenye michirizi ya rangi ya kutu. Kinongo, ule udongo mwekundu, ni kizuri kwa mihogo na migomba, lakini peke yake mara nyingi hakishikani vya kutosha kusimamisha ukuta wa ngoma.

Muombe mwenye shamba na mjulishe sheha, kiongozi wa mtaa, kabla hujachimba. Ukimaliza, fukia. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji masika, likawa hatari kwa watoto na mazalio ya mbu.

Kabla ya kubeba ndoo nzima, chukua donge dogo ulifanyie majaribio. Sokota kamba yenye unene wa penseli na uizungushe kidoleni. Ikipasuka vipande, tafuta kwingine, na ikiwa na nyufa ndogo tu inafaa. Kisha tandaza kibapa na uchore juu yake mstari wa sentimita 10. Kikikauka kabisa, pima tena. Mstari ukibaki sentimita 9.2 au zaidi, udongo ni mtulivu. Ukishuka chini ya 9, udongo huo unasinyaa mno, na utahitaji kuutilia chenga za vigae nyingi zaidi kuliko nitakazotaja hapa chini. La tatu ni tone la siki au ndimu juu ya udongo mkavu. Ukichemka na kutoa povu, ndani mna chokaa.

Jambo hili la chokaa nalitilia mkazo kuliko mengine yote, kwa sababu visiwa vyetu vimekaa juu yake. Mchanga mweupe wa pwani ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Mtu asiyejua huuchukua na kuuchanganya na udongo ili kuupa nguvu, na chombo hutoka motoni kikiwa kizima na cha kupendeza. Moto mkali umekwisha kuzigeuza zile chembe kuwa chokaa mbichi. Siku chache baadaye chokaa ile hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, na kurusha vibanzi vya ukuta mpaka chombo kijae vidonda. Mchanga mweupe wa pwani usiukaribishe katika kazi hii hata kidogo. Badala yake tumia vigae vya vyungu vilivyovunjika. Kigae kimeshapita motoni, hakisinyai tena, na kinafungulia mvuke njia ya kutokea.

Kuuandaa

Anika udongo mpaka ukauke kabisa, kisha uponde madonge. Udongo mkavu ukitiwa majini huyeyuka upesi. Ule ulio nusu mbichi huweza kukaa siku mbili ukiwa bado mabonge. Uache usiku kucha, koroga mpaka uwe uji, uchuje kwa kitambaa ili mizizi na vijiwe vibaki juu. Uache utuame, mwaga maji yaliyojitenga, kisha mimina uji mzito juu ya gunia lililotandikwa kivulini. Ukiweza kuushika bila kuganda viganjani, uko tayari kukandwa.

Vigae vitwange katika kinu cha zamani ambacho hakitumiki tena kwa chakula, na uvinyunyizie maji kidogo ili vumbi lisiruke. Vumbi la kigae na la udongo mkavu lina chembe zinazodhuru mapafu, kwa hiyo funga pua na mdomo, na sakafu ifute kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia. Chekecha. Chenga zenye ukubwa wa sukari ndizo za kuchanganya: kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya udongo. Chetezo, kwa kuwa kitakaa na makaa, kipe kikombe kimoja kwa vitatu. Unga laini unaopita kwenye chekeche usiutupe. Una kazi yake mwishoni.

Kanda kwa miguu, kisha kwa mikono, ukikata donge kwa mshipi na kuvibamiza vipande viwili pamoja mpaka usione tundu la hewa mahali ulipokata. Ufunge kwa nailoni. Udongo uliolala wiki mbili tatu hushikana kuliko wa jana. Ila ukishaanza kuufinyanga, fanya unayotaka kufanya: udongo uwahi ungali maji.

Kidumbaki

Katika ngoma ya kidumbaki hupigwa viwili, kimoja cha sauti ya juu na kingine cha chini. Anza na kikubwa. Vipimo vikiwa vibichi: mdomo sentimita 17 toka ukingo hadi ukingo, kimo sentimita 32, kiuno sentimita 9, na mguu ulio wazi chini sentimita 12. Kikikauka na kuchomwa kitapungua takriban sehemu moja ya kumi. Kile kidogo mdomo wake uwe sentimita 14, na vipimo vingine vipungue kwa kiasi hicho hicho.

Umbo hili lina kiuno chembamba chini ya kichwa kizito. Ukilijenga kwa mkupuo mmoja litajikalia. Lijenge kwa vipande viwili.

Kichwa kwanza. Funika bakuli kwa kitambaa kibichi, ulipindue, na utandaze juu yake bapa la udongo lenye unene wa milimita 8. Lipigepige kwa kiganja lishike umbo la bakuli, punguza ukingo kwa kisu, kisha uliache mpaka likaze. Ligeuze, toa bakuli, na uongeze kamba mbili za udongo ukingoni ili kupandisha kimo. Kila kamba ipondeponde ishikane na ya chini yake, ndani na nje; kamba iliyobandikwa tu itaachana motoni. Kisha ongeza kamba nyembamba kwa nje, sentimita moja na nusu chini ya ukingo wa juu, iwe tuta la kuzunguka. Tuta hilo ndilo litakalozuia uzi wa kuwambia usipande, na bila ya hilo ngozi itateleza kila itakapovuta.

Ukingo wa juu ulainishe kwa kitambaa kibichi mpaka uwe mviringo, usiwe na makali upande wowote, maana makali hukata ngozi. Kipindue kichwa juu ya ubao ulionyooka. Kikichezacheza, kwangua panapogusa.

Mguu ni bomba lililojengwa kwa kamba, jembamba juu na lililotanuka chini. Uache nao ukaze kiasi cha kubonyezeka kwa ukucha bila kubonyea kwa kidole. Sasa kata tundu la sentimita 8 katika kitako cha kichwa, chora mistari ya kukatana pande zote mbili zitakazokutana, paka uji wa udongo, bandika, na uzungushie kamba nyembamba kwenye kiungo uiponde kabisa. Pitisha kidole ndani ya bomba ufute uji uliojitokeza. Tundu hili ndilo pumzi ya ngoma, na likizibwa nusu sauti ya chini hufa.

Kesho yake kwangua ukuta wote kwa kifuu mpaka unene ulingane, milimita 7 hivi. Gonga taratibu kwa kidole huku na huku. Mahali panapotoa mlio mzito zaidi pana nyama nyingi. Kisha sugua kwa kokoto laini mpaka ung'ae. Ukitaka nakshi, mimi napenda pembetatu zilizojazwa mistari ya mshazari, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye vigae vya zaidi ya miaka 1,000 vilivyofukuliwa Unguja Ukuu, na Tumbe huko Pemba. Usichimbe zaidi ya milimita moja.

Vidogo vidogo vya mchezo

Gololi hazina siri. Sokota kamba yenye unene wa sentimita 2, ikate vipande vinavyolingana, viringisha kila kimoja kati ya viganja. Kulingana ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu gololi nzito kuliko wenzake huonea. Vipande hivyo hivyo vikibaki na umbo la kokoto huwa vya mdako.

Kete za bao pia zinawezekana. Unahitaji 64, mchezaji mmoja 32, na fanya 70 ili uwe na akiba. Zisugue sana. Hata hivyo ukipata komwe za kweli, zile mbegu za mkomwe, chukua komwe: zinateleza mkononi, hazibanduki, na sauti yake zikimwagwa shimoni ndiyo wazee waliyoizoea barazani. Kete za udongo ni nzuri kwa skuli na kwa mtoto anayejifunza kupanga nyumba yake kete sita, na mbili mbili pembeni.

Filimbi

Hii inataka subira kuliko ngoma. Finyanga vikombe viwili vidogo, kila kimoja kama nusu ya limau, unene milimita 5, uviunganishe kwa mistari na uji upate tufe lenye uwazi ndani. Bandika ulimi wa udongo upande mmoja uwe mdomo wa kupulizia. Acha ikaze kidogo.

Chukua kijiti bapa, upana wa milimita 8 na unene wa milimita 2, ukipake mafuta, ukisukume ndani ya ule mdomo mpaka kitokeze ndani ya tufe. Chini yake, pale ncha ya kijiti inapoingia uwazini, kata dirisha dogo la mraba. Ukingo wa dirisha unaoelekeana na upepo uchonge mshazari uwe kama ncha ya patasi, na ncha hiyo ielekee katikati ya njia ya upepo. Vuta kijiti taratibu na upulize. Isipolia, tatizo karibu kila mara ni ncha hiyo: iko juu mno, chini mno, au ina kibanzi. Irekebishe kwa kusogeza kidogo kidogo ukipuliza kila mara. Usitoboe matundu ya vidole kabla filimbi haijalia vizuri.

Ikishalia, toboa tundu dogo mgongoni na upulize, kisha jingine. Kila tundu linalofunguliwa hupandisha sauti, na katika filimbi ya umbo hili ukubwa wa tundu una nguvu kuliko mahali lilipo. Kwa hiyo anza dogo, litanue polepole mpaka sauti ikukubali. Matundu manne yanatosha nyimbo nyingi za watoto.

Chetezo

Bakuli nene la milimita 10, upana wa kiganja kilichofunguliwa, juu ya mguu mfupi uliotanuka. Ukingoni kata meno ili kaa lipate hewa, na utoboe matundu matatu ubavuni. Usikisugue ndani. Kikipoa baada ya kuchomwa, mara ya kwanza kitumie kwa makaa machache, udi au ubani kidogo, kizoee joto.

Kukausha na kuchoma

Wakati mzuri ni kaskazi, hasa Januari na Februari. Masika iache ipite. Udongo hukauka nje na kubaki mbichi ndani, na hiyo ndiyo njia fupi ya kupasua chombo.

1. Weka vyote kivulini, mbali na upepo, ukingo wa ngoma ukiwa umefunikwa kwa kanga kuukuu, maana ukingo hukauka kabla ya kiungo cha kiuno na hapo ufa huanzia. Wiki moja kaskazi. Wiki mbili au zaidi kukiwa na unyevu. Gololi, kwa kuwa ni nzima ndani, zisubiri pamoja na ngoma.

2. Viweke vyote juani siku mbili. Kisha gusisha shavu: chombo kikiwa na baridi, maji bado yamo.

3. Alfajiri ya siku isiyo na upepo, safisha mahali pa wazi, mbali na nyumba za makuti. Tandika vigae chini. Usizungushie mawe ya matumbawe, kwani hayo ndiyo huchomwa yakawa chokaa, na yakiwa na unyevu yanaweza kupasuka kwa kishindo.

4. Washa moto mdogo kuzunguka vyombo, bila kuvigusa, kwa saa mbili. Hapa haraka haina kheri. Mvuke ukitafuta pa kutokea ghafla, chombo huruka vipande.

5. Sasa panga vyombo vikiwa vimeinama mdomo chini, gololi na filimbi ndani ya chungu kikuukuu, na uvijaze pembeni na juu makumbi makavu, vifuu na kuni nyepesi. Funika kwa makuti na vigae vikubwa. Washa upande unakotoka upepo mdogo.

6. Ongeza makumbi kila moto unapotaka kuanguka, kwa saa moja na nusu hadi mbili, mpaka vyombo vyenyewe vionekane vyekundu kati ya makaa. Udongo unakoma kuwa udongo wa kuyeyuka majini unapovuka nyuzi 600 hivi za Selsiasi; moto wa wazi uliotunzwa unafika 700 hadi 900.

7. Usichokonoe. Acha vipoe chini ya jivu mpaka jioni, au kesho yake.

Gonga kila kimoja kwa ukucha. Kilichoiva hulia wazi. Kinachotoa mlio mfu kina ufa usioonekana, au hakikuiva. Cha pili hicho unaweza kukirudisha motoni.

Kuwamba ngozi

Tumia ngozi ya mbuzi mdogo, nyembamba na isiyo na kovu. Kama ina nywele, ilowe katika maji ya chokaa siku tatu au nne ukivaa glovu na kulinda macho, kisha kwangua kwa mgongo wa kisu na uioshe mpaka maji yawe safi. Kata duara la sentimita 25 kwa ule mdomo uliobaki na sentimita 15. Ilowe maji ya kawaida hadi ilainike.

Paka gundi ya mbao nje ya ukingo, laza ngozi, na uifunge chini ya tuta kwa uzi wa nailoni wa wavuvi, mizunguko sita hadi minane. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Hapa vuta kwako kisha kwa upande unaoelekeana nao, ukizunguka hivyo, au mlio utakuwa wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Usiikaze mno. Ngozi mbichi itajikaza yenyewe ikikauka, na ikizidiwa huchanika au kuvunja ukingo. Siku mbili kivulini zinatosha.

Kabla ya kupiga, ipashe juu ya makaa kwa umbali wa mkono mmoja, ukiizungusha. Sauti hupanda ukiisikiliza. Kwenye hewa ya unyevu utaipasha tena katikati ya shughuli. Wapo wanaotumia ngozi za plastiki ili kuepuka usumbufu huo. Mimi sauti ile kavu ya plastiki juu ya kiwiliwili cha udongo sikubaliani nayo, kwa sababu inafuta kile ambacho udongo umekileta.

Vilivyovunjika

Mfinyanzi hulia gaeni, na mwanamichezo naye huchezea juu yake. Viwanja vyekundu vya tenisi vya Roland Garros, Paris, vilivyofunguliwa mwaka 1928, juu yake pana unga wa matofali yaliyosagwa, unene wa milimita moja hadi mbili tu. Chini ya unga huo pana mawe ya chokaa yaliyopondwa, sentimita 6 au 7, kisha matabaka mengine ya kupitisha maji. Unga hupunguza mwendo wa mpira na kuudundisha juu zaidi. Kriketi ina njia nyingine: ule ukanda wa mita 20.12 katikati ya kiwanja hutengenezwa kwa udongo mzito wa kinamo, ukashindiliwa kwa rola ungali na unyevu.

Kwa uga wa nyumbani fanya kiwanja cha gololi cha mita 2 kwa mita 1.5. Chimba sentimita 10. Jaza sentimita 7 za kifusi cha matumbawe kilichopondwa, ambacho kwetu hakina shida kupatikana, ushindilie. Mwaga sentimita 3 za kinongo kilichochekechwa, kinyunyizie maji, kishindilie kwa gogo mpaka kisiache alama ya kisigino. Kikikauka, tandaza ule unga laini wa vigae uliouweka, milimita 2. Kwa eneo hilo ni lita 6.

Kinyunyizie maji asubuhi kabla ya watoto kuanza, na ukivute kwa kuti bichi baada ya mchezo ili kuziba mikwaruzo. Mvua kubwa ikija, kifunike kwa turubai. Unga ukipungua, ongeza kutoka kwenye vigae vya uchomaji unaofuata.